Rivolva fupi ya kaliba kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuichagua na kuibeba

Nafundisha watu kulenga shabaha. Wengi wanaokuja kwangu tayari wana kibali cha silaha na wameshajipendea bastola dukani, na kila baada ya muda anatokea mmoja aliyependa kitu kidogo chenye tundu kubwa: rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na kushika risasi, ya mtutu mfupi, ya .44 au .45. Namwelewa, maana hata mimi ndiyo ninayoivaa kiunoni. Lakini hakuna silaha niliyoiona ikinunuliwa kwa shauku na kuishia kabatini kama hii. Watu huanza na namba ya kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, kisha wanashangaa mkono unapokataa. Mimi nashauri kinyume chake: anza na mkono wako, fuata uzito wa chuma, namba ya kaliba iwe ya mwisho. Karibu kila jibu hapa chini linarudi huko.

Tunaposema "fupi" na "kaliba kubwa", tunamaanisha nini?

Fupi ni mtutu usiozidi inchi 3, yaani milimita 76. Kaliba kubwa naihesabu kuanzia .44: .44 Special, .44 Magnum, .45 ACP, .45 Colt, na huko juu kabisa .454 Casull na .480 Ruger. Namba hizo ni sehemu ya inchi, lakini zichukulie kama majina zaidi kuliko vipimo. Kichwa cha risasi ya .44 Special kina upana wa inchi 0.429, karibu milimita 10.9. Cha .45 Colt ni inchi 0.452, kama milimita 11.5. Cha .38 Special, pamoja na jina lake, ni inchi 0.357 tu, sawa na cha .357 Magnum: ndugu wawili wa kipenyo kimoja, mmoja kajaliwa baruti nyingi. .357 ina nguvu, hilo sibishi, ila si kaliba kubwa.

Silaha za namna hii zilianza lini?

Zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1872 Webley wa Birmingham, Uingereza, alitoa rivolva aliyoiita British Bull Dog: mtutu wa inchi 2.5, vyumba vitano vya risasi ndani ya silinda, risasi nene za .442 au .450, na umbo la kuingia mfuko wa koti. Mafundi wa Ubelgiji, Hispania, Ufaransa na Marekani wakaiiga kwa wingi.

Kwa rivolva ya aina hiyo Charles Guiteau alimpiga Rais James Garfield wa Marekani, tarehe 2 Julai 1881, katika kituo cha treni mjini Washington. Alimpiga mgongoni, akiwa amesimama karibu naye. Garfield akaishi siku 79, hadi 19 Septemba, na kilichommaliza zaidi ni uambukizo baada ya madaktari kuchokonoa jeraha kwa vidole visivyosafishwa. Nalisimulia hili kila mtu anaponiambia kwamba risasi kubwa humuua yeyote papo hapo. Ilikuwa kubwa, ilikuwa karibu, na haikumuua papo hapo. Inapopiga ndipo penye uzito, na upana wa kichwa unaongeza kidogo tu juu ya hapo.

Katika miaka ya 1920 John Henry FitzGerald, mtu wa kampuni ya Colt, alizipunguza rivolva kubwa aina ya New Service: mtutu ukabaki inchi 2, ncha ya nyundo (kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi ifyatuke) ikaondolewa, na sehemu ya mbele ya kinga ya triga ikakatwa ili kidole kiingie haraka. Alivaa mbili, moja kila mfuko wa mbele wa suruali. Wapo wanaotamani kukata kinga ya triga kama yeye. Usithubutu. Triga isiyo na kinga hubanwa na chochote: ukingo wa ala, kitambaa, ufunguo.

Halafu mwaka 1973 Charter Arms wakatoa Bulldog yao ya .44 Special, vyumba vitano, uzito wa takriban gramu 600. Tangu hapo kila anayetaka kaliba kubwa isiyomlemea huanza kwa kuiangalia hiyo, na wengi huishia hapo.

Kwa nini nisichukue .38 tu, au bastola ya magazini (yenye kisanduku cha risasi ndani ya mshiko)?

Huenda ndiyo unayopaswa kuchukua. Kwa watu wengi ninaowafundisha, .38 yenye uzito wa kutosha ni chaguo bora, na huwa nawaambia hivyo wakiwa na pesa mkononi.

Hoja ya kaliba kubwa ni hii. Mtutu mfupi hauipi baruti nafasi ya kusukuma, hivyo kichwa cha risasi hutoka na mwendo mdogo. Vichwa vyenye shimo mbele, vilivyoundwa kupanuka vikigonga, hutegemea mwendo. Ukipungua, shimo huziba na kichwa hupita kikiwa na upana wake uleule wa mwanzo. Kichwa cha .44 au .45 ni kipana tangu kinatoka kiwandani. Risasi ya kawaida ya .44 Special ina kichwa cha gramu 16 kinachokwenda kama mita 230 kwa sekunde katika mtutu wa kawaida, na pungufu ya hapo katika mfupi. Ni mwendo wa pole, lakini kazi yake haitegemei kupanuka.

Gharama yake: risasi tano badala ya kumi na kitu, silinda nene, teke kali. Kama huoni faida inayozidi gharama hizo katika maisha yako, achana nayo bila kusononeka.

Teke lake ni kali kiasi gani kwa kweli?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotelea.

Silaha inasukumwa nyuma kwa kiasi kilekile ambacho kichwa cha risasi na gesi ya baruti vinasukumwa mbele. Ikiwa risasi ni ileile, kinachoamua mkono wako utaonja nini ni uzito wa rivolva. Chukua risasi moja ya .44 Special, ifyatue katika rivolva ya kilo 1.1, kisha katika ya gramu 600. Nguvu ya teke katika ile nyepesi inakaribia kuwa mara mbili. Risasi haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni gramu 500 za chuma ulizozikwepa dukani kwa sababu zilionekana nzito.

Sasa tazama mkono wenyewe. Rivolva inaporuka, mgongo wa mshiko huingia kwa nguvu kwenye ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Wakati huohuo sehemu ya nyuma ya kinga ya triga hugonga fundo la kidole cha kati. Baada ya risasi ya kumi utaona alama nyekundu pale penye fundo, ya ishirini itakuwa imevimba, na kabla hujafika thelathini mwili wako umeshajifunza kuogopa. Utaanza kufumba macho na kusukuma mtutu chini kabla risasi haijatoka. Hofu hiyo ikishaingia ni kazi ya miezi kuitoa.

Dawa ni tatu. Ya kwanza ni uzito: kwa .44 Special sipendi chini ya gramu 600 kwa mtu mzoefu, na kwa anayeanza namtaka akaribie kilo moja. Ya pili ni mshiko unaojaza ile nafasi tupu nyuma ya kinga ya triga, ili fundo lisiguswe. Mshiko wa mpira hunyonya teke vizuri, lakini hung'ang'ania shati na kuchora silaha nje ya nguo. Wa mbao iliyosuguliwa ikateleza hauna tatizo hilo. Ya tatu ni kushika juu kabisa ya mshiko, mkono wa pili ukiukumbatia wa kwanza kwa nguvu, bila kuacha upenyo wowote juu ambao silaha itautumia kupata kasi kabla haijakugonga.

Vidole vikae wapi?

Nyuma ya silinda, siku zote. Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo wa sehemu ya milimita, kwa kawaida 0.1 hadi 0.2, na gesi ya moto hutoka hapo pande zote mbili kila unapofyatua. Waliozoea bastola za magazini hunyoosha kidole gumba mbele bila kufikiri. Kwenye .44 Magnum gesi hiyo hukata nyama.

.44 Special au .44 Magnum?

.44 Magnum ilikuja mwaka 1955, ikiwa na ganda refu kidogo kuliko la Special ya mwaka 1907, na shinikizo kubwa zaidi mno. Rivolva ya Magnum inakubali risasi za Special. Ya Special haikubali za Magnum, na ukikutana na yoyote inayozikubali, kuna mtu kaichimba vyumba vyake: usiifyatue kabisa.

Kwa mtutu mfupi nashauri ununue chuma cha Magnum na ukilishe Special. Unapata uzito na uimara, unapata teke la kiungwana. Ukizoea hivyo, kumbuka kusugua vyumba vizuri, kwa sababu maganda mafupi huacha pete ya masizi mbele yake, na siku ukitaka kuingiza risasi ndefu zitagoma kuzama.

Magnum yenyewe katika mtutu wa inchi 2.5 humaliza sehemu ya baruti yake hewani. Unaona mpira wa moto mbele ya macho, unasikia mshindo kifuani, na risasi ya pili inachelewa kwa sababu silaha bado iko juu. Anayeihitaji kweli ni yule anayetembea kwenye mapori ya wanyama wakubwa, na kwa huyo kuna silaha za kazi hiyo, kama Super Redhawk Alaskan ya Ruger: mtutu wa inchi 2.5, zaidi ya kilo 1.1, ilitoka mwaka 2005 kwa .454 Casull na .480 Ruger. Kwa kutembea mtaani ni mzigo usio na sababu.

Na .45?

.45 ACP ni risasi ya bastola ya magazini, na ganda lake halina ukingo wa nje wa kukamatwa na silinda ya rivolva. Mwaka 1917 jeshi la Marekani, likiwa na uhaba wa bastola, liliagiza rivolva kwa Colt na Smith & Wesson zitumie risasi hiyohiyo, na suluhisho likawa vibati vya chuma vya nusu duara vinavyoshika risasi tatu tatu. Leo kibati ni duara zima. Unakidondosha na risasi zake zote kwa mkupuo, na maganda yanatoka yakiwa yameshikana. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kupakia rivolva, na ganda la .45 ACP ni fupi, milimita 22.8 tu, hivyo hata kisukumio kifupi, ile fimbo ya kusukuma maganda nje ya silinda, hulitoa lote.

Ubaya ni kwamba kibati kikipinda kidogo, silinda haizunguki. Kila unachokibeba kiweke kwanza ndani ya silinda, uizungushe kwa kidole, mtutu ukiwa unaelekea mahali salama. Kikikwama au kukwaruza, kitupe. Wala usikibebe mfukoni pamoja na funguo.

.45 Colt ni risasi nzuri ya tangu 1873, lakini ganda lake lina urefu wa zaidi ya milimita 32 na visukumio vya mitutu mifupi havilimalizi. Kwa rivolva ndefu ningeisifu zaidi.

Nikinunua iliyotumika, nikague nini?

Kwanza kabisa, itoe risasi. Fungua silinda, angalia kila chumba, kisha pitisha kidole katika kila kimoja, hata kama muuzaji amekuonyesha sekunde moja iliyopita. Mimi hufanya hivyo mbele ya watu ninaowaheshimu sana, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Kisha shika silinda iliyofungwa, isukume mbele na nyuma. Ikicheza kwa kiasi unachokiona kwa macho, imechoka. Omba ruhusa ya kuvuta nyundo polepole ukiwa umeigusa silinda kwa kidole ili iwe nzito kidogo: kwa kila chumba, silinda inapaswa kujifunga mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia vyumba vyote, kwa sababu mara nyingi ni kimoja tu kinachochelewa. Ikichelewa, kichwa cha risasi kitaingia mtutuni kikiwa kimekaa upande, na vipande vya risasi vitaruka kando.

Ukishaivuta nyundo hadi nyuma, isukume kwa kidole gumba kwa upole. Ikianguka bila triga kuguswa, mtu kaichezea ndani: irudishe mezani. Mwisho elekeza tochi ndogo mahali mtutu unapoanza, mbele ya silinda. Ufa popote pale, hata mwembamba kama unywele, maana yake hununui.

Nyundo ya nje au iliyofichwa?

Kwa kubeba chini ya nguo, iliyofichwa au iliyokatwa ncha. Ncha hunasa kwenye shati. Sababu kubwa zaidi ni kwamba inakuondolea kishawishi cha kuitega nyundo ukiwa na hofu. Triga ya rivolva ikivutwa safari nzima huhitaji kilo 4.5 hadi 5.5, na uzito huo ndio usalama wako. Ikitegwa, inabaki safari fupi isiyofika hata nusu ya hapo, mikono ikiwa inatetemeka.

Ni salama kubeba vyumba vyote vikiwa na risasi?

Kwa rivolva ya kisasa iliyo nzima, ndiyo. Nyingi zina kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini inayogonga risasi pale tu triga inapovutwa. Nyingine, kama za Smith & Wesson, zina kizuizi kinachoizuia nyundo hadi triga ivutwe. Kizuizi hicho kiliimarishwa baada ya rivolva moja kuanguka kwenye sitaha ya meli ya kivita mwaka 1944, ikafyatuka na kumuua baharia.

Kwa rivolva za kale, zikiwemo zile za karne ya 19, chumba kilicho chini ya nyundo kiachwe kitupu. Usibahatishe kwa sababu mwenye nayo wa zamani "hakupata tatizo".

Niivae wapi?

Kiunoni, juu ya mfupa wa nyonga au nyuma yake kidogo, upande wa mkono unaotumia. Nimejaribu kwingine kote.

Silinda ya .44 yenye vyumba vitano ina unene wa kama milimita 37, na ile ya rivolva kubwa ya vyumba sita hufika 43. Unene huo ndio utakaokuchosha, wala si urefu wa mtutu. Watu hubishana kuhusu inchi mbili au tatu, na mtutu unaning'inia tu chini ya mkanda ambako hakuna anayeuona. Inchi ya tatu inakupa kisukumio kirefu zaidi na nafasi zaidi kati ya vilengeo viwili. Ichukue.

Ala ndiyo nusu ya silaha. Ifunike triga yote, ikae wazi hata rivolva ikiwa imetoka ili uirudishe kwa mkono mmoja bila kuchungulia, na iishike kwa kiasi kwamba ukiruka haitoki. Ya ngozi nene iliyoumbwa kwa silaha hiyohiyo ni bora kuliko ya kitambaa "inayofaa zote". Mkanda uwe mgumu na upana wa milimita 38 hivi. Mkanda wa suti unakunjika, ala inalala nje, na kila mtu anaona. Nunua mkanda kabla ya kulalamikia bastola.

Ukishavaa, kaa nayo nyumbani siku nzima ikiwa tupu. Keti kwenye kiti kigumu na kwenye kochi, panda ngazi, inama ufunge kamba za viatu, ingia na kutoka kwenye gari. Saa ya kwanza hutahisi kitu. Saa ya tatu utajua hasa silinda inagusa mfupa gani, na kusogeza ala sentimita mbili nyuma kunaweza kumaliza tatizo lote. Jioni iangalie: upande ulioelekea mwilini utakuwa na jasho. Ifute kila siku kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hata ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu "kisichoshika kutu" ni lugha ya dukani.

Mfukoni? Kwa rivolva ndogo ya .38, ndani ya ala ya mfukoni, sawa. Kwa .44, suruali inavutwa upande mmoja na umbo linaonekana. Kifundo cha mguu? Gramu 600 mguuni zitakubadilisha mwendo kabla ya mchana. Mkoba nauogopa zaidi ya vyote: mkoba huwekwa chini, husahaulika, huporwa, na watoto huufungua wakitafuta peremende.

Nimesikia risasi zinaweza "kutoka" zenyewe ndani ya silinda. Kweli?

Kweli, na iliwahi kunitokea. Nilikuwa na rivolva nyepesi ya .44 na risasi zenye vichwa vizito vya madini ya risasi matupu. Nilifyatua nne. Ya tano, triga ikagoma nusu ya safari, kama imekutana na ukuta. Silinda haizunguki wala haifunguki. Nilipochungulia kutoka pembeni, silaha ikielekea kwenye tuta, nikakiona kichwa cha risasi ya tano kimechomoza mbele ya silinda na kuegemea fremu.

Teke ndilo linalofanya hivyo. Rivolva na maganda hurudi nyuma ghafla, kichwa kizito kinabaki palepale, na kila mfyatuo unakichomoa kidogo kutoka kwenye ganda. Kadiri silaha ilivyo nyepesi na kichwa kilivyo kizito, ndivyo inavyotokea upesi.

Kwa hiyo aina yoyote ya risasi unayotaka kuibeba ipime hivi: weka alama kwenye risasi moja, ipime urefu kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo), iache iwe ya mwisho, fyatua nne, kisha itoe uipime tena. Ikiwa imerefuka kwa namna inayoonekana, aina hiyo haifai kwa rivolva yako, hata kama kwa ya mwenzako inafaa.

Maganda yananasa nikiyatoa. Nakosea nini?

Karibu kila mara ni mtutu kuelekea chini. Fungua silinda, inua mtutu uangalie juu, kisha gonga kisukumio kwa kiganja mara moja, kwa nguvu. Uzito wa maganda unasaidia. Ukisukuma taratibu, au mtutu ukiwa chini, ganda moja huteleza na kuingia chini ya nyota ya kisukumio, yaani kipande chenye umbo la nyota kinachoinua maganda, na hilo kulitoa kunahitaji kucha na subira.

Risasi zangu zinapiga juu. Vilengeo vimeharibika?

Pengine umebadilisha uzito wa kichwa. Rivolva fupi nyingi zina vilengeo visivyorekebishwa, vimepangwa kiwandani kwa uzito fulani. Kichwa kizito na cha pole hukaa mtutuni muda mrefu kidogo, wakati mtutu unapanda kwa teke, hivyo hupiga juu zaidi. Chepesi na cha kasi hupiga chini. Inashangaza wengi, lakini jaribu mita 15 utaona mwenyewe. Badilisha risasi kabla ya kushika tupa.

Nifanye mazoezi kiasi gani, na vipi?

Kidogo, mara kwa mara. Risasi 25 kwa wiki zinatosha kwa silaha hii, na zaidi ya 50 kwa siku moja ni kujifundisha hofu. Mazoezi makavu nyumbani, kwa risasi bandia, ndiyo yanayojenga mkono: vuta triga polepole hadi mwisho bila kilengeo cha mbele kutikisika. Risasi halisi ziwe katika chumba kingine kabisa cha nyumba wakati huo.

Uwanjani fanya hivi. Mwombe mwenzako akupakilie silinda, achanganye risasi tatu na maganda mawili matupu bila wewe kuona. Nyundo ikiangukia ganda tupu na mtutu ukazama chini, umejiona. Hakuna mwalimu atakayekuambia ukweli huo waziwazi hivyo.

Vaa miwani, na funika masikio maradufu: vya kuziba ndani na vya kufunika juu. Mshindo wa bastola huvuka desibeli 155, na madhara ya kudumu huanza kwenye 140. Mtutu mfupi unauleta mlipuko karibu zaidi na uso wako.

Mikono yangu ni midogo. Nisahau?

Usisahau, jipime. Shika rivolva tupu ipasavyo, mgongo wake ukiwa katikati ya kiganja. Kama kidole hakifiki kwenye triga hadi kiungo cha kwanza bila kuuzungusha mshiko pembeni, mshiko huo si wako. Jaribu mwembamba. Kama unaweza kuvuta triga mara kumi mfululizo kwa mkono mmoja bila kutetemeka, ukubwa wa mkono hautakuzuia. Nimewafundisha akina mama wa mikono midogo walioiweza .44 nzito kuliko vijana wenye viganja kama pauro waliokuja na nyepesi.

Sheria inasemaje?

Inategemea ulipo, na kumiliki silaha na kuibeba mara nyingi ni vibali viwili tofauti. Pata jibu kwa maandishi kutoka mamlaka inayotoa leseni mahali unapoishi, na ulize tena kabla ya kuvuka mpaka wowote. Usiniamini mimi wala muuzaji.

Nikiwa nyumbani niiweke wapi?

Ama iko mwilini mwako, ama iko ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Juu ya kabati, chini ya mto, nyuma ya vitabu: watoto wanajua sehemu zote hizo kabla yako. Wengi hudhani triga nzito ya rivolva ni kinga kwa mtoto. Mtoto mdogo huigeuza bastola, mtutu ukimtazama, na kuisukuma triga kwa vidole gumba viwili. Kwa namna hiyo anaiweza.

Risasi ninazobeba nizibadilishe lini?

Kila miezi sita hivi zitumie mazoezini na upakie mpya. Jasho na mafuta ya kusafishia hupenya polepole kwenye fataki, kile kidude nyuma ya ganda kinachowasha baruti, kwa hiyo vyumba vya silinda vifute vikauke kabisa kabla ya kupakia. Na unapozitoa, zipange mezani na uzitazame vichwa vyake kwa pembeni, zote tano zikiwa zimesimama. Kama mojawapo ni ndefu kuliko wenzake, rudi kwenye lile jibu la kalipa.